Anza na Daftari la Mtu: Mwongozo wa Miradi kwa Mwanafunzi wa Sayansi ya Kompyuta

Ukipitia wasifu wa wanafunzi wa sayansi ya kompyuta wanaoomba nafasi za mafunzo kwa vitendo, iwe Dar es Salaam, Dodoma au Nairobi, utakutana na miradi ileile: mfumo wa maktaba, mfumo wa mahudhurio, mfumo wa kura za serikali ya wanafunzi, duka la mtandaoni. Juu yake kuna aya inayosema mwombaji ni mbunifu, mchapakazi na anapenda kujifunza. Anayesoma hana namna ya kumtofautisha huyu na yule. Ataangalia GPA, ataangalia jina la chuo, basi. Hiyo ni hasara kubwa, kwa sababu nyuma ya karatasi hizo wapo vijana wenye uwezo ambao hakuna aliyewaonyesha jinsi ya kuuweka wazi.

Mwongozo huu ni wako wewe uliye mwaka wa pili au wa tatu, mwenye laptopu moja, bando la kubana, na miezi michache kabla ya kuandika pendekezo la mradi wa mwaka wa mwisho. Ninachokushauri ni kimoja: achana na miradi kumi ya kujazia ukurasa. Tengeneza mmoja, apatikane mtu halisi wa kuutumia, nawe uujue mpaka ndani.

Ulikotoka ni sehemu ya ujuzi wako

Wanafunzi wengi huona haya kueleza walikotoka. Yupo aliyegusa kompyuta kwa mara ya kwanza akiwa chuoni, yupo aliyepitia stashahada baada ya kidato cha nne, yupo aliyesoma mchepuo wa EGM (uchumi, jiografia na hisabati) huku wenzake wakitoka PCM (fizikia, kemia na hisabati). Hakuna la kuficha hapo wala la kuombea radhi. Sentensi moja inatosha: ulisoma nini, ulianza lini kuandika programu, leo unatumia lugha zipi. Ukishaiandika, nenda kwenye jambo ambalo wengi hulisahau: ni kazi gani ya watu unayoijua vizuri kwa sababu umekulia ndani yake?

Aliyekulia kwa wauza dagaa wa Mwanza anajua kwamba mbalamwezi ikikaribia kukamilika, uvuvi wa taa husimama na bei hupanda. Mhitimu mwenye alama za juu aliyekulia mbali na ziwa atatengeneza mfumo wa kutabiri bei ya dagaa bila kuweka kalenda ya mwezi wa angani, kisha ashangae kwa nini haufanyi kazi. Mtoto wa fundi cherehani anajua vipimo vinavyoandikwa kwenye kipande cha karatasi na kubanwa kwenye kitambaa. Aliyewahi kukaa duka la dawa anajua kwamba kinachomkosesha mwenye duka usingizi ni dawa zinazokaribia kuisha muda. Maarifa ya aina hii hayafundishwi darasani, na ndiyo yanayokupa mradi ambao jirani yako wa bwenini hawezi kuuiga.

Programu na miradi kadhaa iliyoanzia kwetu ikafika mbali ilianza hivyo. OpenMRS ilikua kutokana na kazi ya kutunza kumbukumbu za wagonjwa wa VVU kule Eldoret, ikaanza kutumika huko mwaka 2006, na leo inaendesha kumbukumbu za vituo vya afya katika nchi nyingi. Ushahidi ilizaliwa Januari 2008, Kenya ikiwa katikati ya ghasia za baada ya uchaguzi, ili taarifa za raia zikusanywe na kuonekana kwenye ramani. Na mwaka 2015, katika mradi wa Ramani Huria, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wa Chuo Kikuu Ardhi walitembea mitaa inayofurika maji pamoja na wakazi wake, wakachora mifereji na njia, wakaziweka OpenStreetMap, ramani huria ya mtandaoni, ili kila mtu azione. Kote huko tatizo lilitangulia, teknolojia ikafuata.

Mfano wa karibu: daftari la kikoba

Tuchukue mradi mmoja tuufuate kwa makini, maana ushauri wa juujuu hausaidii. Karibu kila mtaa una kikoba, yaani kikundi cha kuweka na kukopa. Wanachama hukutana kila wiki, wananunua hisa, wanachangia mfuko wa jamii, wanakopa, wanatozwa faini wakichelewa, na mwisho wa mzunguko wanavunja kikoba na kugawana. Yote huandikwa na katibu kwenye daftari kubwa. Ukimwambia msimamizi wako kwamba unatengeneza mfumo wa kusimamia vikoba, utakuwa umesema jambo la kawaida sana. Thamani yake itatokana na utakayoyaona ukilifungua daftari lenyewe.

Kaa na katibu, omba ruhusa ya mwenyekiti na ya wanachama, kisha soma. La kwanza utakaloliona ni majina. Kwenye daftari yameandikwa Mama Asha, Bi Mkubwa, Mzee Juma wa Mashine. Fomu yako inayodai jina la kwanza, la kati na la ukoo itamfanya katibu asimame kila mstari. Weka sehemu ya jina linalotumika kikundini, na majina ya kitambulisho yawe ya hiari.

La pili ni namba za simu. Ni rahisi kushawishika kumtambulisha mtumiaji kwa namba yake ya simu. Hapa kwetu mtu ana laini mbili au tatu, hupoteza simu, huazima ya mwanawe. Namba hiyohiyo leo itaandikwa kwa kuanza na 0, kesho na 255, keshokutwa na +255, na mfumo wako utahesabu watu watatu. Mpe kila mwanachama namba ya kikundi, ile ambayo pengine tayari ipo kwenye daftari, na simu uifanye taarifa inayoweza kubadilika. Kabla ya kuitunza, igeuze iwe ya muundo mmoja.

La tatu, na hapa nataka utulie, ni fedha. Fungua Python uandike 0.1 + 0.2, utajibiwa 0.30000000000000004. Kompyuta hutunza namba za desimali kwa mfumo wa mbili, na sehemu moja ya kumi haiishi katika mfumo huo, kama vile theluthi isivyoisha katika desimali zetu. Tunza shilingi kama namba nzima, daima. Halafu fanya hesabu ya siku ya kuvunja kikoba. Tuseme kuna shilingi 1,000,000 za kugawa kwa hisa 300. Kila hisa inapata 3,333 na baki ni shilingi 100. Lakini mkononi hakuna atakayelipwa shilingi 33, kwa hiyo ukishusha kila hisa hadi 3,300, zinabaki 10,000. Ukishusha kwa mwanachama badala ya kwa hisa, mambo yanabadilika: wanachama 30 wenye hisa 10 kila mmoja watapata 33,300, na baki itakuwa 1,000 tu. Njia ipi ndiyo sahihi, na baki inakwenda wapi? Inaingia mfuko wa jamii, au inakuwa kianzio cha mzunguko mpya? Jibu hilo halimo kwenye msimbo. Liko kwa kikundi, na kazi yako ni kuuliza, kuandika walichojibu, na kukiweka kama kanuni inayoweza kubadilishwa na kikundi kingine.

La nne ni sanduku. Vikundi vingi hutunza fedha kwenye sanduku lenye kufuli tatu, na funguo zake hushikwa na watu watatu tofauti, ili asiwepo anayeweza kulifungua peke yake. Huo ni usanifu wa usalama uliofikiriwa na watu wasiojua neno moja la kompyuta, na programu yako inapaswa kuuheshimu. Ikiwa katibu anaweza kufuta malipo ya mtu kwa kubonyeza kitufe kimoja, umeziondoa kufuli mbili. Fanya hivi: hakuna kumbukumbu ya fedha inayofutwa. Kosa likitokea, linaandikwa ingizo jipya la kurekebisha, likiwa na tarehe, sababu na jina la aliyeliidhinisha, naye asiwe yule aliyeliandika. Daftari la kalamu hufanya hivyohivyo: mstari unakatwa, unaandikwa mpya, sahihi zinawekwa pembeni.

Yapo na madogo. Kikundi kinachokutana saa 10 jioni kikiona 16:00 kwenye simu, wengine watababaika; ndani ya hifadhidata tunza 16:00, kwenye skrini andika saa 10 jioni. Mikutano hufanyika mahali ambapo mtandao hukatika au bando limekwisha, kwa hiyo taarifa ziandikwe kwanza kwenye simu yenyewe, SQLite inatosha kabisa, na kutumwa kwenye seva baadaye. Malipo kwa simu yaache kwa awamu ya pili. Ukifika huko, zipo huduma zenye mazingira ya majaribio yasiyotumia fedha halisi, kwa mfano Daraja ya Safaricom kwa upande wa Kenya.

Na taarifa za watu usizichezee. Namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa cha Tanzania, ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa ya mwenye nayo. Ukiiomba bila sababu umekusanya umri wa kila mtu bila yeye kujua. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, Kenya ina yake ya mwaka 2019. Zisome, si ndefu kiasi hicho, na usikusanye kitu usichokihitaji.

Ukishakuwa na kitu kinachofanya kazi, usiwaambie waache daftari. Kitumike sambamba na karatasi kwa wiki kadhaa, na kila baada ya mkutano linganisha jumla mbili. Zikitofautiana, utajifunza mengi siku hiyo kuliko katika muhula mzima.

Kutunza msimbo

Linus Torvalds alianza Linux mwaka 1991 akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, na mwaka 2005 akatengeneza Git ili kusimamia msimbo wa Linux uliokuwa umevimba kwa michango ya watu wengi. GitHub ilikuja mwaka 2008. Wewe unaitumia leo, lakini wanafunzi wengi huipakia kazi yote usiku mmoja kabla ya kukabidhi, na anayeitazama anaona tendo moja tu lililoandikwa “mwisho” au “mwisho kabisa”. Anza siku ya kwanza. Kila unapomaliza hatua ndogo, hifadhi na uandike ulichofanya kwa sentensi inayoeleweka: “Zuia mkopo unaozidi mara tatu ya akiba”, “Rekebisha faini iliyohesabiwa mara mbili”. Mtu akizisoma kwa mpangilio ataona jinsi ulivyofikiri, na hilo ndilo analolitafuta.

Usipakie nywila wala ufunguo wa API. Ukiteleza, kuufuta kwenye faili hakusaidii, maana historia ya Git inautunza. Ubatilishe ufunguo huo palepale na uombe mwingine. Majina halisi ya wanachama na akiba zao visiingie kamwe kwenye hazina iliyo wazi. Tengeneza taarifa za kubuni za majaribio.

Faili la README ndilo mlango wa kazi yako, na wengi wanaliacha tupu. Linaweza kuanza hivi:

“Daftari la Kikoba ni programu ya kutunza hisa, mikopo na faini za kikundi cha kuweka na kukopa. Inafanya kazi bila intaneti kwenye simu ya Android. Imejaribiwa na kikundi kimoja cha wanachama 30 kwa miezi miwili, sambamba na daftari la karatasi. Bado haiwezi kurekodi mikopo miwili ya mwanachama mmoja kwa wakati mmoja, na haitumi ujumbe wa simu.”

Zitazame sentensi mbili za mwisho. Moja inasema imetumika wapi, nyingine inasema haiwezi nini. Ukiandika hivyo kwa ukweli, msomaji ataamini na yale mengine uliyoyasema. Kama hakuna aliyeitumia, andika kwamba haijatumika bado. Kubuni watumiaji ni uongo unaogundulika kwa swali moja. Chini yake weka hatua za kuiendesha, kisha mwombe mwenzako azifuate kwenye kompyuta yake huku wewe umekaa kimya. Ongeza picha za skrini au video fupi, kwa sababu seva za bure hulala na kiungo chako kinaweza kutofunguka siku mwajiri atakapokibonyeza. Weka na leseni: msimbo uliowekwa wazi bila leseni haumpi mtu ruhusa ya kuutumia. MIT inaruhusu karibu kila kitu. GPL inamtaka anayesambaza kazi iliyotokana na yako aiache wazi vilevile. Kama ni mradi wa mwaka wa mwisho, soma kwanza kanuni za chuo chako kuhusu haki ya kazi za wanafunzi. Na README andika kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, moja kwa katibu wa kikoba, nyingine kwa mwajiri wa mbali.

Majaribio ya kiotomatiki hayahitaji kuwa mengi. Kwa kikoba ningeandika kwanza yale ya mgawanyo: kwamba jumla ya waliyolipwa wanachama ukijumlisha na baki inalingana na kiasi kilichogawiwa, hata kama hisa ni moja, hata kama mwanachama ana hisa sifuri. Ukiweza kuonyesha jaribio hilo na kueleza kwa nini umelichagua, umeshawapita wengi.

Kazi ya wengine, na msaada wa akili mnemba

Kujiunga na mradi uliokwishasimama ni njia nzuri kwa asiyepata wazo lake. DHIS2, inayoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, ndiyo inayobeba takwimu za afya za Tanzania na Kenya, na msimbo wake uko wazi. OpenMRS hupokea wachangiaji wapya, na imeshiriki mara nyingi katika Google Summer of Code, mpango ulioanza mwaka 2005. Usidharau kutafsiri: mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili, na hadi leo programu nyingi huria zinakosa Kiswahili safi. Kurekebisha sentensi tano kwenye maelezo ya mradi mkubwa kunakufundisha jinsi watu wanavyojadili na kukosoa msimbo, jambo ambalo kazi ya peke yako haikupi.

Kuhusu akili mnemba, itumie. Waajiri wako nao wanaitumia. Sharti ni moja: mstari ambao huwezi kuueleza usibaki kwenye mradi unaouita wako. Kwenye usaili, msaili makini atafungua faili moja kati ya faili zako na kusema, “Hapa kwa nini umetumia namba nzima?” Aliyekaa na katibu atajibu kwa hadithi ya zile shilingi 10,000 zilizobaki. Aliyenakili atababaika, na nafasi itakuwa imeondoka.

Kwenye wasifu wenyewe

Usiandike “Mfumo wa kusimamia vikoba (PHP, MySQL)”. Andika: “Daftari la Kikoba: nilisanifu na kuandika programu ya Android inayotunza hisa na mikopo bila intaneti, inatumiwa na kikundi kimoja cha wanachama 30.” Mistari miwili hiyo imebeba tatizo, ulichofanya na matokeo. Kama mlifanya wanne, taja sehemu yako: “Tulikuwa wanne, mimi niliandika mahesabu ya mgawanyo na majaribio yake.” Hakuna atakayekudharau kwa kuandika robo ya mradi. Atakayekukamata ukidai wote ndiye atakayekudharau.

Miradi ya darasani iliyobaki itaje kwa mstari mmoja au iache. Orodha ya lugha kumi na tano za programu nayo ipunguze hadi zile unazoweza kuulizwa leo bila kujiandaa.

Sasa kazi ni yako. Wiki hii uliza nyumbani au mtaani kikoba kinakutana siku gani, uende na kalamu na karatasi, laptopu iache bwenini. Msalimie mwenyekiti, eleza wewe ni nani na unasoma nini, umwombe katibu akuonyeshe ukurasa mmoja wa daftari lake na akueleze mara ya mwisho hesabu zilipogoma kulingana. Andika anayosema kama anavyoyasema. Pendekezo la mradi wako litaanzia hapo.